Umeokota Ganda la Risasi? Kabla Uliweke Mfukoni, Soma Hii

Tuanze na kitu wengi wetu tumeona. Juni 2024, vijana walipojaza barabara kupinga Mswada wa Fedha, kutoka Nairobi hadi hapa kwetu Nakuru, mitandao ilijaa picha za aina moja: kiganja kimefunguliwa, na katikati kuna kakitu kadogo ka rangi ya dhahabu. Ganda la risasi. Kuna wasee walipost wakisema ni ushahidi. Wengine waliliweka kwa meza ya TV, na wengine wakatoboa shimo wakafanya cheni ya shingo.

Shida ni moja. Ganda likikaa kwa mfuko na funguo na makoini ya mbao mbao, kuna kitu linapoteza kila siku. Na huenda hicho kitu ndicho kingemwambia hakimu ni bunduki gani ilimpiga mtoto wa mtu.

Kwa hivyo leo tunaeleza polepole: ganda ni nini, kwa nini bunduki za siku hizi hulitupa likiwa limeumia, kwa nini kuna nchi watu hulichunga kama yai, na wewe ukilikuta kwa lami ya Kenyatta Avenue ama kwa njia ya ng'ombe kule Baringo, ufanye nini.

Risasi ni vitu vinne

Watu husema "risasi" wakimaanisha kitu kizima, lakini ni vitu vinne vimeshikana. Kuna kichwa, ile ncha inayoruka na kuumiza. Kuna baruti, ule unga unaochomeka. Kuna kiwashio, kale kaduara kadogo katikati ya kitako. Na kuna ganda, ule mkebe unaowashikilia wenzake wote.

Triga ikivutwa, pini inagonga kiwashio, kiwashio kinawasha baruti, na baruti inageuka gesi kwa haraka mbaya. Presha ndani ya ganda inapanda zaidi ya mara 3,000 ya presha ya hewa tunayopumua. Kichwa kinasukumwa kwa mtutu na kuondoka. Ganda linavimba, linakumbatia kuta za chemba, halafu linanywea kidogo na kubaki.

Sasa, bunduki za zamani kama Lee-Enfield ya .303, ile mashefu wengi wa Bonde la Ufa wanaijua kutoka enzi za homeguard, ganda halitoki lenyewe. Lazima uvute komeo kwa mkono. Ukivuta taratibu, ganda linadondoka karibu na miguu yako likiwa karibu zima.

Bunduki inayojipakia yenyewe haina huo upole. Nguvu ya mlipuko uleule inarudisha komeo nyuma kwa kasi. Ndoano ndogo ya chuma inashika ukingo wa ganda na kulivuta kutoka kwa chemba. Kipande kingine kinaligonga kitakoni na kulirusha nje, mara nyingi upande wa kulia, likiwa bado moto. Risasi nyingine inaingia. Yote hayo yanaisha kabla hujapepesa jicho.

Huku kwetu, mbili zinazojulikana sana ni G3 na AK. G3 ni muundo wa Ujerumani, inatumia risasi ya 7.62 kwa 51, na jeshi pamoja na polisi wa Kenya wameibeba miaka na miaka. AK inatumia ile fupi ya 7.62 kwa 39, na hiyo utaiona kwa makarao na pia kwa wezi wa mifugo. Zote mbili ni wakali kwa ganda. G3 ina mifereji midogo ndani ya chemba, kwa hivyo ganda hutoka likiwa na mistari ya masizi iliyonyooka ubavuni, halafu linagonga ukingo wa dirisha la kutokea na kubonyea. Linaweza kuruka mita kadhaa kutoka kwa mwenye bunduki. AK nayo hurusha mbali, na ganda lake hutoka na kovu la kugongwa ama mdomo umepinda.

Majuu wanaliokota ili walijaze tena

Kuna nchi, hasa Marekani, ambako kulenga shabaha ni mchezo wa wikendi kama vile sisi tunaenda Afraha. Risasi ni ghali, na ganda la brasi ndilo kipande pekee unachoweza kutumia tena. Kichwa kimeenda, baruti imechomeka, kiwashio kimekufa. Kwa hivyo mwenye leseni hukusanya maganda yake, anayasafisha, anayarudisha saizi kwa mashine, anaweka kiwashio kipya, baruti mpya na kichwa kipya.

Ndio maana hao watu huumia roho bunduki ikiwararulia maganda. Wenye bunduki za aina ya G3 hubandika kipande cha mpira kwenye ukingo wa dirisha la kutokea ili ganda ligonge mahali laini. Wengine hufunga mfuko wa wavu pembeni uyadake yakiwa hewani. Wengine hutandika turubai chini ili yasiangukie mawe. Halafu hukagua moja moja. Mdomo uliobonyea kidogo unaweza kunyooshwa. Lakini likiwa na ufa shingoni, ama mstari unaong'aa ukizunguka karibu na kitako, hilo linatupwa bila mjadala, kwa sababu likipigwa tena linaweza kukatika ndani ya bunduki na gesi irudi kwa uso wa mpigaji.

Si kila ganda hujazika pia. Mengi ya AK ni ya chuma kilichopakwa rangi, si brasi, na chuma hakipendi kunyooshwa. Kiwashio chake mara nyingi ni ile aina ya matundu mawili madogo badala ya moja kubwa la katikati, na kukitoa ni kazi ya kukunyima usingizi.

Hapa kwetu usijaribu

Sasa kabla fundi fulani wa jua kali aanze kupata idea: buda, wacha. Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, inataka cheti kwa bunduki na kwa risasi pia. Kutengeneza risasi bila idhini ya serikali ni kosa, na mahakama zetu hazichekeshwi na kesi za silaha. Tena bunduki za kivita za 7.62 na 5.56 zinazojipakia zenyewe zimewekwa kwa kundi la silaha zilizopigwa marufuku kwa raia. Hakuna kona unayoweza kupita.

Risasi zetu za halali hutengenezwa na kiwanda cha serikali kilichoko Eldoret, Kenya Ordnance Factories Corporation, safari ya masaa machache tu kutoka Nakuru. Mtu anayejaza maganda kwa keja huko Rhonda hajaanzisha biashara. Anajitafutia jela, ama kupoteza vidole, chochote kitakachofika kwanza.

Kwa hivyo kama Mkenya hatajaza ganda, kwa nini ajali likiharibika? Kwa sababu yale makovu ambayo mlenga shabaha wa Marekani anachukia ndiyo mtaalamu wa silaha wa hapa anatafuta.

Ganda linaongea nini

Kila chuma kina kasoro zake. Pini, ndoano, uso wa komeo na kuta za chemba vyote vilikatwa na mashine, vikapata mikwaruzo, vikalika kwa kutumika. Risasi ikipigwa, hiyo presha yote inalibana ganda kwenye hivyo vyuma, na brasi, ambayo ni laini kuliko chuma cha pua, inachukua picha. Shimo la pini kwenye kiwashio. Alama ya uso wa komeo kwa kitako. Mkwaruzo wa ndoano kwa ukingo. Kovu la kurushwa. Mistari ya masizi ya G3.

Mtaalamu hulisoma kwa hatua mbili. Kwanza anauliza: hii ni aina gani ya bunduki? Hapo saizi, umbo na mistari humwambia. Pili anauliza: ni bunduki ipi hasa? Anachukua bunduki inayoshukiwa, anapiga risasi za majaribio, halafu anaweka ganda la majaribio na lile la barabarani chini ya hadubini yenye macho mawili, bega kwa bega, atazame kama mikwaruzo inafuatana.

Kitakoni kuna story nyingine tena. Kiwanda hupiga muhuri pale: herufi zake, na mara nyingi mwaka. Mwaka wa 2008 shirika la utafiti la Small Arms Survey lilitoa ripoti kuhusu Turkana Kaskazini iitwayo Blowback. Watafiti walisoma mihuri ya risasi zilizokuwa mikononi mwa raia, wakailinganisha na zile za vyombo vya usalama. Walisema sehemu kubwa ya risasi haramu ilitengenezwa papa hapa Kenya, na kwamba zilitoka kwa vyombo vya dola. Hiyo ni herufi chache tu kwenye kitako, na zilitosha kuzua maswali mazito kwa serikali nzima.

Haya ni mambo ya majirani zetu. Wizi wa mifugo unaoumiza Baringo, Samburu na Laikipia unaacha maganda kwa vichaka na kwa boma za watu. Kila moja lina muhuri na makovu yake. Yakiokotwa na watoto yakawa ya kuchezea, ama yakiuzwa kwa kilo pamoja na mabomba ya zamani, hakuna atakayejua risasi za Tiaty zilitoka kwa stoo gani.

Maganda 70 ya Chicago

Kama unadhani hii ni sinema, sikiza kesi iliyofanya dunia iamini maganda. Tarehe 14 Februari 1929, huko Chicago, Marekani, wanaume saba walipangwa kwa ukuta ndani ya gereji wakamiminiwa risasi. Baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa nguo za polisi. Mji mzima ukaanza kuuliza: ni makarao walifanya hii?

Wapelelezi walikusanya maganda 70 kutoka sakafuni. Mtaalamu Calvin Goddard akayapitia na kusema yametoka kwa bunduki mbili aina ya Thompson. Akajaribu Thompson za polisi. Hazikufanana. Mwisho wa mwaka huo bunduki mbili zilipatikana nyumbani kwa jambazi Fred Burke huko Michigan, na alama zikafuatana.

Shika hapo. Maganda hayakuwa upande wa polisi wala upande wa raia. Yangeweza kuwafunga hao makarao, na safari hii yaliwaokoa. Ganda halina chama.

Tuseme ukweli wote pia: ulinganishaji huu ni macho na uzoefu wa mtu, si hesabu ya moja jumlisha moja. Mwaka wa 2016 baraza la wanasayansi waliomshauri rais wa Marekani lilisema unahitaji majaribio zaidi kabla wataalamu wajigambe kortini. Kwa hivyo ganda pekee halimalizi kesi. Linasaidia likija na mashahidi, video na ripoti ya daktari. Lakini lile lililokwaruzwa halisaidii mtu yeyote.

Vile sisi huliharibu bila kujua

Tuseme ni jioni, maandamano yameisha, moshi umepungua karibu na stage. Uko na mbogi yako na unaona ganda kwa lami. Hizi ndizo njia tunaliua.

Kulikanyaga, ama matatu kulipitia. Kitako kikisagwa kwa lami, alama za komeo zinafutwa na mikwaruzo mipya.

Kulitia mfukoni. Funguo na makoini ni chuma kwa brasi siku nzima. Kila hatua unayopiga unaongeza mstari ambao bunduki haikuandika.

Kuyaweka mengi pamoja kwa chupa. Yanagongana, na hakuna atakayejua lipi lilitoka wapi.

Kulisugua ling'ae. Sabuni, majivu, mchanga, dawa ya kung'arisha, zote huondoa masizi na chochote kingine kilichobaki juu.

Kuchokora kiwashio na msumari, ama kutoboa shimo la cheni. Hapo umekata kile kipande mtaalamu huangalia kwanza.

Na kubwa kuliko zote: kuliondoa mahali pake. Mahali ganda lilipo hutoa picha ya kule mpigaji alisimama. G3 na AK hutupa mbali, kwa hivyo mita chache ni habari kubwa. Ukishalibeba hadi Kaptembwo, hiyo habari imekufa, hata ganda likiwa safi kama jana.

Sasa ufanye nini?

Usiliguse. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza na ya mwisho kama mahali ni salama na kuna mtu wa kuliangalia.

Piga picha tatu. Ya mbali, ionyeshe barabara na kitu kinachotambulika, duka ama nguzo ya stima. Ya katikati. Halafu ya karibu, na koini ya mbao imewekwa kando yake bila kuligusa, ili saizi ionekane. Usiweke filta. Usifute ile picha ya asili kwa simu, hata ukishaituma kwa WhatsApp, kwa sababu ikitumwa hupoteza taarifa zake za ndani.

Andika saa, mahali, na nani alikuwa na wewe. Kama yako matano, sema ni matano na uonyeshe kila moja lilikuwa wapi.

Lizuie lisikanyagwe. Jiwe pande mbili, kreti ya soda iliyogeuzwa, chochote kisichogusa ganda.

Ita watu wenye kazi hiyo. Kama kuna mtu ameuawa ama kuumizwa vibaya na polisi, mwenye kuchunguza ni IPOA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Sheria ya Huduma ya Polisi ya Kitaifa, kwenye Jedwali la Sita, inasema wazi kwamba kifo ama jeraha baya likitokana na nguvu za polisi, mkubwa wa afisa huyo aripoti kwa IPOA, na pia eneo la tukio lilindwe kwa ajili ya uchunguzi. Kwa hivyo ukilinda lile eneo hujifanyi mjuaji. Unafanya kitu sheria yenyewe imewaagiza wao.

Na kama mvua ya Nakuru inakuja ama tingatinga la kaunti linafagia? Hapo ndipo unaweza kulihamisha, na baada ya picha tu. Tumia karatasi safi kama kijiko, usilishike kitakoni, usiingize kalamu mdomoni mwake. Liweke kwa bahasha ya karatasi, moja kwa bahasha moja. Karatasi ya nailoni hushika unyevu na ganda huanza kutu. Andika juu tarehe, saa na mahali, mtu wa pili atie sahihi. Lifikishe siku hiyohiyo kwa IPOA, ama upitie kwa wakili, na udai karatasi ya kuonyesha umelikabidhi. Usikae nalo kwa keja wiki mbili. Kila siku linapokaa kwako, wakili wa upande ule mwingine anapata swali la kukuuliza, na wewe mwenyewe unaweza kujikuta unaeleza kwa kituo vile ulilipata.

Likiwa bado na kichwa, kimbia

Haya yote ni ya ganda tupu. Kama ile ncha bado iko, hiyo si ganda, ni risasi nzima. Hata kama kiwashio kimeshagongwa na kina shimo, inaweza kuwa ilikataa tu kuwaka, na bado ina baruti. Usiigonge, usiitupe kwa moto, usiipe mtoto. Na chochote kikubwa kuliko risasi, usikikaribie kabisa.

Watu wa kaskazini mwetu wanajua gharama yake. Mwaka wa 2002 Wizara ya Ulinzi ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 4.5 kwa zaidi ya Wamaasai na Wasamburu 200, walioumizwa ama kupoteza jamaa kwa mabomu yaliyoachwa kwa maeneo ya mazoezi ya kijeshi, Dol Dol na Archers Post. Wengi wao walikuwa wachungaji, watoto pia, watu waliokuwa wakipita na mifugo yao.

Mambo ni mawili tu

Rudi kwa ile picha ya kiganja. Msee aliyeiposti hakuwa na nia mbaya. Alitaka dunia ione kwamba risasi za ukweli zilipigwa. Lakini picha ya ganda likiwa chini kwa lami, na koini kando yake, ina nguvu kuliko ganda lenyewe likiwa kwa mkono wa mtu ambaye hawezi kuthibitisha alilitoa wapi.

Kuna mathee mahali anangoja siku ya korti. Yeye hahitaji souvenir. Anahitaji kale kaduara katikati ya kitako kafike kwa hadubini vile bunduki ilikaacha.

Kwa hivyo ukiliona: piga picha, usiokote. Halafu forward hii kwa group ya mtaa kabla siku nyingine kama ile ifike.